Woga Ulioingia kwa Simu

Kambi ya Dzaleka, Malawi

Yaya Esperansi, dada yangu mkubwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Mko wazima huko Bukavu? Mguu wa Mama unaendeleaje? Sisi tunapumua, lakini tumechoka. Labda umefikiri nimekukasirikia. Nimetoa WhatsApp kwenye simu, njo maana nimempa barua hii mke wa pasta wetu, anayerudi huko kwa basi.

Korona ilipoanza, Baba Neema alikuwa bado anapanda minibasi kwenda Lilongwe kuuza vitenge. Kisha zikaanza kuingia audio kwenye simu yake. Moja ilisema sisi wakimbizi njo tutachomwa sindano kwanza, tufe. Nyingine, kwamba watu wanazikwa kwa siri. Alizisikiliza tangu asubuhi, nsima, ugali wa huku, ikipoa mbele yake. Akaacha kwenda mjini, akaacha kanisa. Mtu akikohoa nje, anafunga dirisha. Nikimwambia ni uongo, ananifokea, "We unajua nini? Bantu banakufa!"

Ndipo ikaja ile ya kujifukiza mvuke wa majani ya mikaratusi. Akamfunika Neema blanketi juu ya sufuria inayochemka. Mtoto joto likamzidi, akajitupa, maji yakamwagikia mguu wake.

Tulimkimbiza kliniki kwa kabaza. Mi nimempakata nyuma ya baiskeli, baba yake anakimbia pembeni bila viatu. Mlangoni akagoma kuingia. "Batamuua," alisema. Muuguzi alipomaliza kumfunga Neema bandeji, akamfuata baba yake nje. Nilidhani atamgombeza. Alimwuliza tu, "Baba, unalala?"

Mume wangu akakaa chini kwenye vumbi, akalia mbele za watu.

"Silalake," alisema. "Tangu hii kitu ianze, silalake."

Sasa kila wiki anakwenda kuongea na mshauri pale kliniki. Anakula. Mjini bado, juzi alifika kwenye minibasi, akarudi. Neema anatembea, ila kovu litabaki.

Yaya, audio ya mvuke ilitoka kwako. Najua uliituma kwa kutupenda, kama nawe ulivyotumiwa. Sina nguvu ya kugombana. Ila usimtumie mtu tena sauti ya mtu usiyemjua. Ukitukumbuka, piga simu, tuongee.

Neema aliniuliza nani alisema mvuke unaponya. Nilimjibu sijui.

Mbusu Mama kwa ajili yangu. Msalimie shemeji, mume wako, na shangazi yetu mwimbaji wa kwaya.

Mdogo wako, anayekupenda hata hivyo,
Furaha