Likizo ya Kumwekea Baba Msalaba

Mama yangu,

Kamwene. Mimi ni mzima, kama mtu anayeshinda juani anaweza kuitwa mzima. Vipi miguu yako, bado inavimba? Na hao tembo, mwaka huu wamekuachia hata mahindi ya kuchoma? Barua hii anakuletea Ambakisye, rafiki yangu wa Tukuyu. Simu ningepiga, lakini najijua: ningelia, nawe usingelala. Mdogo wangu Tumaini akusomee polepole, asirukeruke mistari kama kawaida yake.

Jengo la vioo mnaloliona kwenye picha zangu ndilo ninalolisafisha, hapa Dubai. Wanakaa matajiri watupu. Juu kabisa, kwenye paa, kuna bwawa la kuogelea, na maji yake yanapoozwa kwa mashine ili jua lisiyachemshe. Sisi tunaosugua vigae pembeni yake tumepewa kofia. Pasipoti zetu zilifungiwa ofisini tangu siku tuliyofika, mpaka mtu apewe likizo. Likizo yangu walishaikubali, Mama. Mwezi ujao ningekuwa nyumbani Idodi, tumwekee Baba msalaba. Hata shati nilishanunua.

Sasa nikwambie kilichotokea. Ramesh, kijana wa Nepali niliyelala naye chumba kimoja, alianguka palepale bwawani, brashi ikiwa mkononi. Jua lilimmaliza. Walimfunika kwa taulo za wageni, wakamshusha kwa lifti ya takataka. Jioni ile watu walikuwa wanaogelea.

Kesho yake msimamizi akatugawia mafagio. Ambakisye akaniangalia.

"Sasa ndugu yangu, mtu kafa, sisi tunafagia tu?"

Unajua kwetu ilivyo. Kukiwa na msiba kijijini hakuna anayeshika jembe, hata kama mvua ndiyo imeshika. Basi tukayaweka mafagio chini. Tukatandika maboksi kule chini ya jengo, kwenye mapipa ya taka, tukakaa msiba. Ambakisye akaanzisha wimbo wa Kinyakyusa. Wanepali wakaja, Wabangladeshi wakaja, kila mtu akalia kwa lugha yake.

Msimamizi alidhani ni mgomo. Akaniuliza, "Huyu alikuwa ndugu yako?" Nikamwambia tulilala chumba kimoja. Akacheka.

Ambakisye, ambaye mkataba wake ulikuwa unaelekea mwisho, wamempandisha ndege. Mimi likizo wameifuta, na pasipoti sitaiona mpaka mkataba uishe. Ajabu yao ndiyo hiyo: anayelilia kwenda nyumbani ndiye anayebakizwa. Nilienda ofisini kuomba, nikawaeleza habari za kaburi. Yule bwana akaniuliza, "Baba yako si alishazikwa? Sasa haraka ya nini?"

Nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka hasira zenyewe zinanishinda. Na usimlaumu Ambakisye, maana sikuwa namlilia Ramesh peke yake. Siku mliyomzika Baba nilikuwa nasugua marumaru ya mapokezi, na niliambiwa nisionyeshe uso wa huzuni mbele ya wageni. Nilitabasamu siku nzima. Pale kwenye maboksi ndipo nilipomlilia baba yangu.

Kwa hiyo msinisubiri. Mvua za mwaka huu zisilikute kaburi bila msalaba.

Nisalimie bibi aliyemzaa Baba, mwambie bado nakula vizuri. Msalimie baba mdogo anayefyatua tofali. Najua saruji atakuwa ameshaiandaa. Na mchungaji wetu msalimie, umwombe kitu kimoja. Atakapoita watoto wa marehemu, asiniruke kwa sababu sipo. Aanze na mimi, aliite jina langu kwa sauti, na Tumaini aniitikie.

Mwanao wa kwanza,
Elia