Orodha ya Wasio na Mtoto

Jumatatu, 5 Februari 1912

Daftari jipya! Kanipa Rahemtulla wa dukani baada ya kumsomea barua tatu za wateja wake. Barua za kwao Uhindini anazisoma kama maji, za Kiswahili zinamtoa jasho. Sasa nina pa kusemea. Kwa Jumbe Stambuli, ninakoishi, ukifungua mdomo unatumwa kuni.

Leo baraza bomani Mafiga. Majumbe wote wa mlimani na wa bondeni wamekaa chini juani, kila mmoja na karani wake nyuma. Karani wa Jumbe wetu wa Mlali ni mimi, Fransisko, miaka mitatu shule ya mapadre! Wa nne nilifukuzwa kwa kumuiga padre anavyotembea. Niliiga vizuri mno, ndiyo kosa.

Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma anayeamua kesi, kasoma amri mpya. Ule mchele wa njaa, unaoletwa vijijini kila Jumamosi kwa wazee, vipofu na wajane bila kuulizwa kitu – sasa kuna kuulizwa. Atapewa asiye na mtoto tu. Mwenye mtoto alishwe na mtoto wake. Mtoto akishindwa, jumbe atoe ghalani mwake mwenyewe. Hapo majumbe wakakohoa wote pamoja, kama mbuzi waliolamba pilipili.

Jumbe mmoja wa juu kule akauliza mtoto ni yupi hasa. Bwana Shauri akacheka. Mtoto ni wa kumzaa, akasema, kwani kuna wa namna nyingine? Tukaitika, ndiyo bwana. Bomani watu hawajibu, wanaitika.

Kila karani alete orodha Jumatatu ijayo. Njia nzima kutoka Mafiga Jumbe ananyonya jino. Mimi napiga mluzi. Bila mimi hana orodha – basi leo jumbe nani?

Jumatano, 7 Februari

Nimekaa kibarazani kwa Jumbe. Sanduku ndiyo meza. Wino, kalamu ya chuma, kofia upande. Mstari wa watu umefika kwenye kinu. Wote wananiita bwana karani – hata Kristina aliyekuwa akiniita panzi! Bibi mmoja kaniletea mayai mawili. Njaa hii, mayai. Moja nililila, moja nikamrudishia, ana wajukuu. Sijamwambia mtu. Nitajiharibia jina.

Kichekesho ni hiki: wanaume wote hawana watoto! Mzee Paulo ana wana watatu, na mmoja alikuwa kamshika mkono pale pale. Nikamuuliza, na huyu? Akasema huyu ni wa mke wangu, wa ukoo wa mama yake, mimi nimemlea tu. Na hakudanganya. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wanawake nao kinyume – kila mmoja ana watoto wa kujaza kanisa. Mwaisha hajazaa hata siku moja, kanitajia tisa. Wa dada zake. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto, basi. Ukimkana mbele yake, watu wakisikia, umemzika mzima.

Niliandika kwa sheria ya Bwana Shauri. Paulo: anao. Mwaisha: hana. Wasiojua kusoma wakagombana nami bure, wino ulikwisha kauka.

Wasio na mtoto, thelathini na mmoja. Wa kwanza kabisa: Bernadeta, kipofu, hana. Jina lake nimelipamba kwa mikia.

Jumamosi, 10 Februari

Nimepanda kwa Mama Bernadeta. Ni mama yangu mkubwa. Mama aliyenizaa alikufa mimi nanyonya, huyu akanibeba mgongoni, akanipeleka misheni, akabaki mlangoni siku mbili aone kama nalia. Macho yamezimika mwaka wa sita huu. Lakini sijafika uani akaita, "Fransisko, mbona unatembea kama unadaiwa?"

Nilimwamkia, nikajisifu. Mchele wake uko salama, mwanawe ndiye mwenye kalamu. Alikuwa anachambua majani ya maboga, ndicho chakula chake tangu Alhamisi. Mikono imekonda, bangili inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Akauliza nimemwandikaje. Nikasema: hana mtoto. Karatasi tu, mama.

"Kwenye karatasi andika unavyotaka. Mimi nikiulizwa, nitasema ninaye."

Nikacheka. Nani atamuuliza kipofu huku juu? Mchele wa leo haukuletwa, unangoja orodha; akanipikia aliouficha kwa ajili yangu tangu Jumamosi iliyopita, kibaba chote. Nikikataa, atasema nimekuwa Mzungu. Nimekula.

Jumatatu, 12 Februari

Mambo yameharibika. Jumbe mmoja kamwandika baba mkwe wake mwenye ng'ombe, Bwana Shauri kagundua. Sasa anazunguka mwenyewe vijiji vyote. Kwetu Alhamisi. Atamuuliza kila mtu uso kwa uso, kijiji kizima kikisikia. Jina la uongo likipatikana, karani anapigwa viboko hamsa-ishirini, na orodha yote inafutwa. Jumbe awalishe wote mpaka mavuno.

Njiani Jumbe Stambuli akaniambia ghalani mna magunia manne. Nyumbani kwake vinywa kumi na vinne, pamoja na changu. Halafu akaniita mwanangu. Miaka miwili ananiita wewe! Afadhali angenitukana.

Jumatano, 14 Februari

Wanawake wamepata njia. Kesho watoto wote wa dada wanapelekwa mlimani kutafuta kuni, tangu alfajiri. Mtoto asiyesikia hakuzikwa, kasema Mwaisha. Akili ile! Angesoma angekuwa karani wa boma.

Basi na mimi niondoke! Nikamwambia Jumbe nina homa. Akanishika paji la uso, akasema chura ana joto kuliko mimi. Nikamwomba anitume Dumila, popote, hata kwa miguu. Akauliza nani ataandika. Kweli, nani? Niliringa mwaka mzima kwamba peke yangu najua. Haya.

Nikamtuma Cecilia, binti jirani anayemshikia mama fimbo, akamwombe aseme hana. Karudi. Mama kasema nikale nishibe, kesho kazi nyingi.

Siwezi kukaa. Nimezunguka kinu mpaka kuku wananikimbia.

Alhamisi, 15 Februari

Naandika hapa hapa mezani, daftari juu ya orodha. Bwana Shauri yuko kwenye mtungi ananawa, vumbi limemwingia jichoni.

Ilikwenda vizuri. Mwaisha kaulizwa, kasema sina, huku anatazama mlimani. Wengine vile vile. Mzee Paulo, niliyemwandika anao, kabisha, kaondolewa mstarini. Kisha Cecilia akamleta Mama Bernadeta. Una mtoto?

"Ninaye."

Wangapi?

"Mmoja. Yupo hapa, nasikia anavyopumua."

Jumbe akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Bwana Shauri akaangalia orodha, ile mikia yangu yote, akaniangalia mimi.

"Karani. Huyu alikuzaa?"

Mimi, nisiyekosa neno! Nikachovya kalamu winoni, nikaichovya tena. Ndipo upepo ukapiga, vumbi likaingia. Akirudi anataka jibu kwa mdomo na kwa wino, kasema.

Nikisema hakunizaa – ni kweli, hata Mungu anajua. Anapata mchele. Jumbe anapona na ghala lake. Mgongo wangu unapona. Na Mlali yote imesikia namkana Mama, na yeye kasikia.

Nikisema ndiyo – hamsa-ishirini, na hawa thelathini wanaingia kwenye magunia manne. Mama atakuwa wa mwisho kwenye mstari. Namjua. Atampisha kila mtu.

Jumbe ananikanyaga mguu nyuma ya meza. Anasema bila kufungua midomo, neno moja tu mwanangu, neno moja.

Kalamu inakwaruza. Mama hanioni, lakini kageuza sikio huku mezani na anatabasamu. Anadhani naandika jina langu, mtoto wake.

Bwana Shauri anajifuta uso. Ameweka kata chini. Nisiache kuandika, nisiache, nikiacha tu Mama atasikia