Nimeikata Nyumba ya Violeth Nikaijaza Kwenye Mito

Mpendwa Shangazi Amira,

Salamu nyingi kutoka hapa Ilala, mimi sijambo kiasi, mama mkwe wangu Bibi Matilda hajambo ila magoti, mwanangu mkubwa Bryson hajambo yupo gereji, mjukuu wangu Shukuru hajambo ameota meno ya mbele, na binti yangu Violeth nasikia hajambo, yuko Bagamoyo wiki tatu na kikundi chake cha sanaa, hajui kama nakuandikia, na hapo ndipo penye shida yangu, naomba unisaidie.

Baba yao alipofariki mimi nililazwa hospitali kwa kifua muda mrefu, Bryson akachukuliwa na baba yake mdogo, Violeth ana miaka sita nikampeleka makao ya watoto, nikamwambia mama atakuja Jumamosi, na Shangazi nisikufiche, Jumamosi hiyo sikwenda, nilienda mwaka uliofuata, na baada ya hapo nikawa naenda mara mojamoja kwa sababu kila nikiaga analia mpaka nashindwa kuondoka. Mwaka jana alitimiza kumi na nane wakamwambia umri umefika, akarudi kwangu na begi moja. Akawa analala ameelekea ukutani mchana na jua lote, ukimwita anaitika vizuri tu, shikamoo, asante, kama mgeni anayesubiri kuondoka.

Ndipo akatokea mwalimu Athanas, ana ukumbi Buguruni, ndiye mwenye hicho kikundi, anakusanya vijana waliotoka kwenye makao, wanaokota mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani wa Kariakoo wanashona picha za nyumba wanazozikumbuka au wanazozitaka. Jirani yetu Hamis akawacheka, "Watu wazima mnacheza na matambara!" Violeth akamjibu, "Hata hiyo suruali yako, baba, ilianza hivyohivyo." Shangazi, nilicheka mpaka nikakaa chini, sikujua mwanangu ana utani.

Asubuhi moja aliinua picha yake dirishani, jua likapita ndani yake, nikaona nyumba ya rangi ya sare za shule, maji ya bluu yanatoka mlangoni yanapanda mpaka juu ya paa, watoto wamekaa juu ya maji kama wamekaa mkekani, na mlangoni kuna mwanamke, uso hana bado. Nikamuuliza huyu ni nani, akasema, "Sijaamua. Mama, ile sindano yako ndogo iko wapi?" Aliniita mama. Siku ile nilitembea mpaka sokoni sijui kama nilikanyaga chini.

Sasa mimi kazi yangu ni mito ya kulalia, nachukua mabaki ya mafundi kwa kiroba, nakatakata, najaza, nauza Kariakoo. Kipande kikubwa lazima ukikate, la sivyo mto unakuwa na mabonge, na mkono ukishazoea hauangalii, unakata huku unawaza yako. Jumatatu nilikata mabaki ya kiroba kilichokuwa nyuma ya mlango, ikatoka mito tisa, ikaisha yote kabla ya adhuhuri. Narudi kufagia, nakuta chini kipande cha yale maji ya bluu. Kiroba kilikuwa cha Violeth, picha aliikunja humo, alisema akirudi atamalizia uso.

Tangu siku hiyo nazunguka Kariakoo nabonyeza mito ya watu, naona kama mji mzima umelala juu ya nyumba ya mwanangu, mmoja analalia paa, mwingine mlango, wale watoto wananong'ona masikioni mwa watu wasiowajua. Bibi Matilda ananiambia, "Sema panya. Panya hana wakili." Na mimi habari ya panya nimeshaipanga kichwani, maana nikisema kweli naogopa atarudi ukutani, na safari hii hatageuka tena. Maonyesho yao ni mwisho wa mwezi, Mnazi Mmoja. Niseme nini? Nijibu upesi Shangazi, gazeti la wiki hii kama nafasi ipo, anarudi tarehe ishirini.

Mimi, Mama Bryson, Ilala

*

Mama Violeth (leo nakuita hivyo, Bryson atanivumilia),

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nikajikuta nimeushika mto wangu mwenyewe. Lakini pole yangu isikulevye. Kukata ulikata kwa bahati mbaya, ulikuwa kazini, hakuna wa kukufunga. Kosa ni hiyo habari ya panya, na bahati nzuri bado hujalifanya. Panya wa Ilala wana dhambi zao za kutosha.

Huyu binti aliwahi kupewa na mama yake neno la kumtuliza lisilo la kweli, akalikalia akisubiri. Unataka kumpa la pili? Atakujua. Mtoto aliyekulia makao anasoma uso wa mtu mzima kuliko wewe unavyosoma gazeti hili.

Unaogopa atarudi ukutani. Anaweza, sikudanganyi. Ila kilichomwamsha hakikuwa kitambaa peke yake. Kuna mikono yake, na kuna wenzake anaoshona nao. Hivyo viwili hukuvikata. Na acha kubonyeza mito ya watu Kariakoo, ipo siku utaitiwa mwizi.

Usimpigie simu Violeth. Mpigie Athanas, mweleze yote bila kupunguza, muulize saa ambayo binti hana kazi, kisha panda gari la asubuhi uende Bagamoyo, usingoje tarehe ishirini. Kama atashona nyingine au hatashona, hilo ni lake, wewe usimshonee hata mshono mmoja asipokuomba. Usimlilie. Ukilia wewe, yeye ndiye atakayekubembeleza, na hiyo si kazi yake.

Mwambie hivi: "Picha yako nimeikata mimi, sikuangalia." Kisha nyamaza. Akikufokea, sikiliza. Akikwambia ondoka, mwambie utakuwa nje. Na uwe nje kweli, Mama Violeth, jua liwake au mvua inyeshe, mpaka atoke akukute.

Shangazi Amira