Kisigino cha Kushoto

Mpendwa Baba,

Ningekuwa na mdomo mwepesi, ningekuja Longisa nikae kando ya kaburi lako nikuambie haya kwa sauti, kama Mama anavyofanya. Lakini unanijua. Hata ulipokuwa hai, nikiwa na neno zito nililiandika kwenye karatasi, nikaliweka chini ya kikombe chako cha chai, kisha nikakimbilia nje. Basi hii ni karatasi nyingine. Madam Rono, mwalimu wetu wa sayansi kimu, amesoma mwanzo wake akaniomba tuibandike kwenye ukuta wa darasa ikiisha. Nimekubali. Wenzangu wakicheka, watacheka mimi nikiwa maktaba.

Nataka kukuambia habari za soksi za Mama.

Nilikuwa bado mdogo uliporudi kutoka wodi ya kifua, umekonda, mkononi una mfuko wa karatasi. Nilidhani ni mandazi. Ukatoa sindano za kufumia zilizotengenezwa kwa spoku za baisikeli, ncha zake zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka zikang'aa, pamoja na soksi iliyofika nusu. Ulisema umefundishwa na mzee mmoja wa kutoka pande za ziwa aliyelala kitanda cha pili, kwa sababu siku za wodi ni ndefu na yeye alikuwa amechoka kukusikia ukihesabu mbao za dari. Mama aliishika ile soksi, akaigeuzageuza.

"Na ni ya nani?"

"Ni ya yule anayeamka na umande kwenda kuchuma majani, na mimi nimelala hapa kama kabichi."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kifua hakikukuruhusu tena kupanda miteremko na kikapu mgongoni, kwa hiyo ulipewa kazi ya kushona magunia ya majani chai yaliyopasuka. Mchana ulishona magunia, jioni ulifuma soksi mlangoni petu, na laini nzima ya nyumba za wafanyakazi ilipata la kusema. Mwanamume mzima na sindano za kufuma! Uzi ulitoka kwenye masweta makuukuu. Mimi nilikuwa nayafumua, wewe unakunja uzi kwenye goti, na tukifika kwenye kwapa, mahali uzi huwa mzima zaidi, ulipiga mluzi.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumapili moja baada ya kanisa. Mama alikuwa ametoka kuosha miguu kwenye beseni. Ulikaa kwenye kigoda, ukachukua mguu wake ukauweka kwenye paja lako, ukafumbata kisigino chake kwa kiganja kama mtu anayepima kama yai bado lina joto. Baba Ochieng', jirani yetu wa mlango wa pili, akapita na redio yake kwapani.

"Mzee! Umeoa ama umefungua duka ya viatu?"

"Nimeoa," ukamjibu bila kuinua kichwa. "Wewe kisigino ya bibi yako unaijua? Ukiwekewa visigino kumi hapa, utachagua yako?"

Baba Ochieng' alisimama akafikiri kweli kweli. Kisha akaita kwa sauti, "Mama Ochieng'! Hebu leta mguu hapa!" Naye Mama Ochieng' akamjibu kutoka ndani kwamba mguu anaoweza kumletea sasa hivi ni wa teke.

Nilijifunza kwako, jioni baada ya jioni, nikiwa nimekaa kati ya magoti yako. Ulinipa kazi ya kufuma mguu wa soksi kuanzia juu. Vitanzi vyangu vilikuwa vinalegea, lakini hukunifumulia hata mara moja. Nikifika chini, karibu na kifundo, ulinyoosha mkono. "Kisigino niachie mimi."

Nikauliza kwa nini.

"Hapa juu ni bomba tu. Hapa chini ndipo mtu anapoanza."

Uliahidi kunifundisha nikiingia fomu wani. Mvua za mwaka ule zilipoanza, kifua kikarudi. Niliingia fomu wani nikiwa nimenyolewa nywele za matanga.

Baba, soksi zako zilimfaa Mama kwa muda mrefu, kisha zikaanza kutoboka moja moja. Mtu ambaye hajachuma majani hawezi kujua soksi ni kitu gani. Gambuti halina kamba. Kila hatua linaimeza soksi kidogo, na jua likipanda soksi yote iko chini ya unyayo imejikunja, huku kisigino kitupu kinasuguana na mpira uliolowa. Soksi za dukani huliwa hata kabla ya chai ya saa nne. Zako hazikuwahi kuliwa. Zilipobaki za mwisho, Mama alizifua, akazikunja, akaziweka kwenye sanduku la bati chini ya Biblia na kitambaa chake cha harusi. Akaanza kwenda shambani na vitambaa amevifunga miguuni.

Sikuweza kuvitazama vile vitambaa. Nilimwendea Madam Rono baada ya vipindi, nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimepotea. Alinifundisha kugeuza kisigino kwa wiki nzima wakati wa michezo. Ni mwalimu mzuri, Baba, ungempenda. Unafuma kipande cha nyuma kama kibao, unakipunguza chini kidogo kidogo mpaka kinajikunja kama kikombe, kisha unaokota vitanzi pembeni na kuendelea na unyayo. Kilipojikunja mara ya kwanza mikononi mwangu nilipiga kelele, mimi ambaye hata nikiitwa jina sisikiki.

Nilifumua sweta langu la shule ya msingi, nikamfumia Mama jozi moja. Visigino viwili, sawa kabisa, kama mapacha. Nilivipima kwa rula. Mama alizivaa asubuhi, akanishika shavu, akaenda.

Hakusema kitu siku hiyo wala iliyofuata. Mama hasemi. Mama Ochieng' ndiye aliyenikuta bombani nikichota maji, akanivuta pembeni.

"Wewe Chebet. Hizo soksi ulifumia mama yako ama ulifumia mguu ya meza?"

"Kwani zina nini?"

"Enda uangalie hiyo mguu ya kushoto. Anachuma akisimama na moja kama korongo. Nyapara ameshamwona. Amesema mtu hawezi kutembea apishe mwenye anaweza."

Nilipofika nyumbani nilimwomba Mama avue. Kulia hakukuwa na hata alama. Kushoto, soksi ilikuwa imeteremka, na nyuma ya kisigino palikuwa pameliwa nyama. Baba, unapajua mahali penyewe. Kile kinundu kidogo, ukubwa wa punje ya hindi, alichobaki nacho tangu akiwa msichana, alipochomwa na kisiki cha mchai uliopogolewa. Mimi nilikuwa nimekiona maisha yangu yote na sikuwahi kukifikiria. Jeraha lilikuwa juu yake hasa. Sisi tunakaa kwenye nyumba ya kampuni kwa sababu ya miguu ile miwili. Nilianza kulia, na Mama akaniambia nisilie, nilete maji ya chumvi.

Siku ya pili hakwenda kazini, na ya tatu pia. Nyapara alituma mtu kusema kwamba Jumatatu kikapu chake kitapewa mwingine.

Jumamosi asubuhi Mama alifungua sanduku la bati, akatoa jozi yako ya mwisho, akaniwekea magotini ile ya kushoto. Nilijua ni ya kushoto kwa sababu ya ule uzi mwekundu uliokuwa ukiushonea pale juu. Niliwahi kukuuliza kwa nini pambo liko upande mmoja tu, ukasema, "Ili Mama asichanganye." Nilidhani unamaanisha asichanganye soksi zake na za majirani kwenye kamba ya kuanikia. Sikuuliza tena.

"Fumua," Mama akasema.

"Hapana."

"Fumua uone alivyofanya."

"Mama, ndizo zilizobaki. Nikizifumua hatutakuwa na kitu chake."

Aliuweka mguu wake juu ya kigoda chako.

"Chebet, baba yako hakuwa soksi. Fumua."

Nilianzia kwenye vidole, mahali ulipomalizia. Uzi ulitoka ukiwa umejikunjakunja, bado umeshika umbo la vitanzi vyako, na nilienda polepole sana, mstari baada ya mstari, nikiandika pembeni kila ulichofanya. Unyayo ukaisha. Nikafika kwenye kisigino.

Kibao chako cha nyuma kilikuwa kirefu kuliko changu, na kirefu kuliko hata cha soksi yako ya kulia, ambayo nilikuwa nimeilaza kando. Ndani yake ulikuwa umefuma pamoja na sufu uzi wa nailoni, na nikautambua: ni ule wa magunia ya majani. Ndiyo maana visigino vyako havikuwa vinatoboka upesi. Lakini katikati, kwa nyuma, ule uzi wa nailoni ulikatika, kisha ukaanza tena upande wa pili. Nilifikiri uliishiwa. Nikafumua mistari miwili zaidi nikaona ni hivyo kila mstari, na kwamba mahali hapo uliongeza kitanzi kimoja kimoja, kisha ukavipunguza vyote taratibu. Ulikuwa umekijengea kile kinundu chumba chake. Chumba cha sufu tupu, ili nailoni isimkwaruze.

Nilimwonyesha Mama. Aliingiza kidole pale, kwenye mistari iliyobaki, akakizungusha.

"Mimi nilikuwa najua tu kwamba haziniumi," akasema. Kisha akafunika uso kwa leso. Miaka yote ile, Baba, na hukumwambia.

Nikaendelea kufumua. Mstari wako wa mwisho wa kisigino ulipotoka, vitanzi vilivyotokea chini yake vilikuwa vimelegea, vingine vikubwa, vingine vidogo. Vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimefika mahali mkono wako ulipopokea kutoka kwa mkono wangu. Nilisimama hapo. Nilivivisha vitanzi vile kwenye spoku zako, nikatafuta nailoni kwenye gunia bovu nyuma ya nyumba, nikaanza kushuka. Sikutumia rula. Kila baada ya mistari michache nilishika kisigino cha Mama kwa kiganja, ule mguu ukiwa kwenye paja langu. Baba Ochieng' akapita na redio yake. Alitutazama, akapunguza sauti ya redio.

Jumapili jioni soksi ilikuwa tayari. Ukiiona utacheka: juu ni vitanzi vya mtoto na uzi wako mwekundu, kisigino kina uzi wako ule ule, unyayo una rangi ya sweta la shule. Jumatatu jeraha lilikuwa bado halijafunga vizuri. Mama alilivisha pamba, akavaa soksi, akatia mguu kwenye gambuti, akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena. Akachukua kikapu kabla nyapara hajakigusa.

Siku hiyo darasani sikusikia kitu. Nilipotoka shule sikwenda nyumbani, nilienda kwenye banda la mizani, mahali ninapopaogopa kwa sababu ya watu wengi. Mama alikuwa wa mwisho kwenye foleni, amesimama kwa miguu yote miwili. Alipomaliza kupima majani yake aliketi kwenye gunia, akavua gambuti la kushoto mbele ya wote, akainua mguu. Soksi ilikuwa pale pale. Pamba haikuwa na damu.

"Haijaliwa!" Mama Ochieng' akapaza sauti kwa foleni nzima. "Angalieni! Na yangu nitafumiwa lini?"

Nilijificha nyuma ya Mama, lakini nilisema nitakuja Jumapili kuushika mguu wake. Baba Ochieng' anasema atakuja kutazama, ajifunze.

Soksi yako ya kulia imerudi kwenye sanduku. Hiyo sitaigusa mpaka Mama aniambie. Na nimemaliza kuandika sasa, kikombe chako kiko mezani mbele yangu, nitaiweka hii chini yake usiku mmoja kabla ya kuipeleka shule.

Kongoi, asante Baba, kwa yote uliyoyafuma bila kuyasema. Lala salama huko Longisa, usisumbuke tena na baridi ya asubuhi wala na miguu ya Mama.

Kisigino niachie mimi.

Binti yako,
Chebet