Gunzi Lililozikwa Nyuma ya Jiko

Kapkatet, Jumatano, Agosti 1996

Mvua ya mawe imepiga mchana, majani ya chai yametoboka yote, na mimi sijali. Nina hasira hata uji umenishinda kumeza.

Malaria ilimchukua mume wangu mwezi wa Juni. Tangu tumzike, Chebet wetu wa miaka mitano hajatamka neno. Wakubwa walimwambia baba amesafiri. Mtoto aliliona jeneza likiteremshwa, halafu anaambiwa amesafiri!

Ndiyo maana kila Jumatano nampeleka kanisani, kwa dada mmoja anayewatibu watoto kwa michezo. Shemeji zangu wanacheka: mtu mzima, amesoma, kazi yake kukaa chini na wanasesere. Hata mimi niliona ni upuzi. Dada huyo hamuulizi mtoto kitu. Anamwachia udongo, matambara na magunzi, anakaa kando. Aliniambia mtoto mdogo hana maneno ya msiba, atautoa kwa mikono, na akianza tusimkatize.

Leo jioni Chebet alichukua gunzi la mahindi, akalifunga kitambaa, akachimba shimo nyuma ya jiko na kulilaza ndani. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Nikaacha.

"Baba, lala," akasema. "Mimi nakufunika."

Alisema! Nililia palepale, mikono imejaa maziwa.

Kogo, mama mkwe wangu, naye alisikia. Akatoka jikoni mbio, akalifumua lile kaburi kwa teke, gunzi akalitupa motoni.

"Mtoto hachezi matanga," akaniambia. "Huyu anaita kifo ingine kwa hii boma. Hiyo michezo yako iishe leo."

Chebet alinitazama, akafunga mdomo. Mpaka amelala hajaufungua tena, hata kuomba maji.

Namchukia yule mama. Naandika hapa ili nisimwambie usoni. Najua naye amezika mwanawe, najua anaogopa kuzika mwingine, na heshima ya mama mkwe nimelelewa nayo. Leo hayo yote hayanisaidii. Mwanangu alikuwa amerudi, akafukuzwa.

Je, kama hatasema tena?

Kesho sichumi chai. Nitamketisha Chebet nyuma ya jiko na rundo la magunzi, azike mpaka achoke. Mimi nitakaa chini, kati yake na mlango. Kogo akitaka kupita na teke lake, aanze na mimi.