Nadhiri ya Bilioni

Jumapili, 5 Januari
Kosa la watu wengi: wanadhani majina ya namba ni ngazi yenye vidato vilivyo sawa.
Chai, dawa ya presha, kisha nyumba ya pili kwa dada yangu, Da Zuwena. Kama kawaida. Nimemkuta na beseni la kokwa za tende, anahesabia Subhanallah, midomo imemkauka. Aliweka nadhiri: bintiye akitoka salama kwenye upasuaji, atasabihi mara bilioni. Binti katoka, mzima.
Kwa nini bilioni?
"Laki kumi si milioni? Basi milioni kumi, bilioni."
Mungu wangu.

Jumatatu, 6 Januari
Nimemweleza, kalamu na karatasi mkononi. Milioni elfu, si kumi. Moja kwa sekunde, bila kula wala kulala: miaka thelathini na moja na ushei. Yeye ana sabini na tisa.
Nilifurahia kueleza. Aibu.

Jumatano, 8 Januari
Da Zuwena hali chakula, halali usingizi. Anaamini nadhiri isipotimia maradhi yatamrudia binti. Natembea barazani huku na huku. Kitabu nimefungua mara nne, sijasoma hata mstari.

Alhamisi, 9 Januari
Nimemuuliza shekhe wa msikiti wetu. Nadhiri iliyomshinda mtu ina kafara: kulisha masikini kumi. Nikaenda mbio kumwambia.
"Kumi kwa bilioni? Wanifanya mtoto, Mwalimu?"
Kanifukuza. Nna hasira, zaidi na nafsi yangu.

Ijumaa, 10 Januari
Nimerudi baada ya sala. Safari hii bila kalamu.
Nikamuuliza: rehema ya Mungu ina mwisho?
"Astaghfirullah! Haina."
Basi kisicho na mwisho si namba kubwa sana. Hakikai mbele ya bilioni kama mji wa Qurayyat unavyokaa mbele ya Maskati, kwamba ukizidi kwenda utafika. Simama kwenye kumi, simama kwenye bilioni: njia iliyobaki ni ile ile, haikupungua.
Kaokota kokwa moja besenini.
"Kwa hivyo hata ningemaliza, nisingekuwa karibu zaidi?"
Hata kwa kokwa moja.
Kacheka. "Na wewe, miaka yote ile ukisomesha, ungesema hivi wangekufahamu."

Jumamosi, 11 Januari
Da Zuwena kalala mpaka jua limetoka. Kala mkate wa kumimina, vipande viwili. Mchele wa masikini kumi umesharowekwa. Binti anakata vitunguu, polepole, kakaa kitini.
Leo, kabla ya adhuhuri: niwapelekee sufuria kubwa.