Mlango Uliokuwa Nyuma ya Mlima wa Kaka

Mpendwa kaka yangu Wafula,

Nimerudi Abu Hamour. Jengo ni lile lile, ghorofa ya juu ya duka la samani, pale uliponileta siku niliyotua Doha, umenibebea sanduku begani na kuniambia, "Hapa, mdogo wangu, tutakula ugali kwa sababu ya treni za mchezo." Treni hazipo tena. Siku hizi ni shule ya chekechea. Mimi ndiye ninayewapokea watoto asubuhi, nawavua viatu, nawapangusa makamasi, na funguo za mlango wa mbele ninashika mimi. Kila siku, kaka, napita mbele ya ule ukuta.

Huwezi kunijibu, najua. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Webuye. Lakini kuna jambo tulilolijua wewe na mimi tu, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja. Wacha niseme mapema, usije ukadhani nimekaa chini kukulilia.

Unakumbuka ukumbi wetu ulivyokuwa? Meza ilianzia dirisha moja ikaishia lingine, reli zikizunguka vijumba vyenye taa na watu wadogo kama punje za maharagwe. Ijumaa familia zilijaa hadi nikachoka kukata tiketi. Mudiri, yule mwenye ukumbi, alitaka mlima wa Ulaya wenye theluji. Ukamwambia, "Sawa, mudiri," halafu ukamjengea Mlima Elgon! Haki ya Mungu, ulikuwa na ujasiri. Ukaupaka nyeupe kileleni ili akubali, na pale chini ukaweka stesheni ya Webuye na mama muuza ndizi mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Mudiri akaupiga picha, akasema mlima kama huo hata Uswisi hakuna. Tuliingia stoo tukacheka mpaka ukashika mbavu.

Treni ikikwama ndani ya handaki la mlima, ni mimi niliyetambaa chini ya meza. "Ingia wewe, wewe ni mwembamba," ulikuwa unasema, ati kana kwamba ni sifa. Mle ndani kulikuwa na giza, joto na harufu ya gundi. Nikinyoosha mkono, kiwiko kiligonga ubao wa nyuma, nao ulitoa sauti ya kitu kitupu. Sikupenda ile sauti. Nilikuwa natoa treni haraka, najifuta vumbi na kurudi kwa tiketi zangu.

Nyuma ya ubao ule kulikuwa na mlango wa dharura. Mlango wa chuma, unaofungukia nje kwenye ngazi za nyuma. Kabla ya ule ubao, kila upepo wa vumbi ulipovuma mlango ulitikisika, mchanga ukaingia, na treni zikaanguka kutoka kwenye reli mbele ya wageni. Wiki moja zilianguka mara tatu. "Huu mlango utatufukuzisha kazi," ukasema. Nikakuuliza, "Kaka, si huu ndio wa kutokea moto ukiwaka?" Ukanicheka. "Moto gani, wewe? Hivi ni vitu vya kuchezea. Shika mbao."

Nikashika mbao. Ulipofikia kazi yenyewe ukanituma chini nikuletee chai ya karak, ukaniambia niende polepole, hakuna haraka. Niliporudi, chumba kizima kilinuka chuma kilichoungua, na wewe ulikuwa umeshavua miwani ya kuchomelea. Ulikunywa ile chai ukiangalia ukuta, hukuniangalia mimi. Sikukuuliza. Wewe ndiye uliyenileta nchi hii, ningekuuliza nini?

Ukumbi ulipofungwa, wewe ulikuwa umekwenda nyumbani likizo ile ambayo hukurudi. Mafundi waliubomoa mlima kwa siku moja, na mimi ndiye niliyeufagia Elgon nikautia kwenye magunia. Nililia, nakwambia ukweli. Ubao wa nyuma waliuacha kwa sababu ulikuwa umenyooka vizuri, wakaupaka rangi na kwenda zao. Kazi yako ilikuwa safi kupita kiasi.

Nikaenda Umm Salal kumtunza ajuza mmoja. Mkataba ulipoisha nikapata hii kazi ya watoto, na niliposikia ni Abu Hamour nilifurahi kama mjinga. Nikapanda ngazi siku ya kwanza, nikaona wamechora twiga kwenye ubao wako, wameegemeza kabati la midoli, na juu yake wametundika taa ya kijani ya mlango wa dharura, ile yenye mtu anayekimbia. Anakimbilia ukutani! Kwenye michoro ya jengo mlango upo. Ukipita ngazi za nyuma, mlango unauona. Ukiwa ndani, taa unaiona. Hakuna aliyewahi kutembea kutoka huku hadi huku.

Na mimi nikanyamaza. Miezi saba, kaka. Nilijiambia nitasema nikishazoeana na watu, kisha nikajiambia nitasema muhula ukiisha. Usiku nalala vizuri tu huku Mansoura ninakoishi, hilo ndilo linaloniogopesha nikilifikiria. Nilikuwa naogopa kurudishwa nyumbani, na nilikuwa naogopa jina lako.

Jumanne iliyopita birika la umeme lilichoma waya jikoni. Jiko liko pale pale kando ya mlango wa mbele, unakumbuka, palipokuwa na kibanda changu cha tiketi. Moshi mweusi ukajaa kwenye ujia. Mwalimu Nakato, dada mmoja Mganda asiyebabaika, akawapanga watoto mmoja nyuma ya mwenzake, mikono mabegani, akawaambia, "Sisi ni treni, twende!" Wakaenda wakiimba chu-chu, ishirini na wawili, wakiifuata ile taa ya kijani. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimembeba aliye mdogo kuliko wote, Maha, ambaye bado ananyonya kidole.

Treni ikafika ukutani ikasimama. Nakato akasukuma kabati, akapapasa ubao juu hadi chini, akageuka. "Mlango uko wapi?" Watoto walikuwa bado wanaimba. Akaniuliza mara ya pili, safari hii akinitazama machoni, "Dada, mlango uko wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Nilisema sijui, na mtoto wa mtu mikononi mwangu, na moshi unaingia. Kisha mlinzi wa jengo akachomoa waya, madirisha yakafunguliwa, na watoto wakapewa juisi. Waliomba turudie ule mchezo.

Mchana watoto walipokwisha kuchukuliwa nilizunguka jengo, nikapanda zile ngazi za nyuma. Nilijipa moyo kwamba ni ubao tu, kwamba mtu mwenye nguvu atauvunja kwa bega na mlango utafunguka. Nikashika mkono wa mlango, ukazunguka vizuri. Nikavuta. Nikaweka mguu ukutani nikavuta kwa uzito wangu wote, mpaka kiganja kikachubuka. Mlango unaofungukia nje hauzuiliwi na ubao ulio ndani, Wafula. Hukuuziba tu, uliuchomelea, halafu ukakaa ukanywa chai niliyokuletea.

Alhamisi nikamweleza meneja wetu kila kitu. Ni mama mpole, huwa ananiita mpenzi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi. "Muhula ukiisha tutaita fundi," akasema. "Nikifunga sasa wazazi watawahamisha watoto wote. Khalas, yaishe, mpenzi wangu, tumeelewana." Nikamwambia waya za jiko bado ni zile zile. Akaanza kupanga karatasi mezani. "Na ukumbuke ni nani aliyefanya hivyo," akasema. "Wakija kuuliza, ni wa familia ya nani?" Hakupaza sauti hata kidogo.

Ijumaa nikampigia Mama, nikamwambia na yeye. Unajua amekutundika sebuleni, ile picha yako umesimama na mlima wako, na kila mgeni wa kanisani lazima aonyeshwe kazi ya mwanawe ughaibuni. Akauliza, "Sasa hii picha niitoe?" Nikamwambia sijui, Mama. Mara hii nilikuwa nasema kweli.

Najua ungekuwa hapa ungeniambia nini. Ungesema nisijitie kwenye mambo makubwa, nifanye kazi yangu, kila kitu kitakuwa sawa. Ndivyo ulivyoniambia siku zote na siku zote nilikusikiliza, kwa sababu ulinipenda na mimi nililijua hilo. Sidhani kama ulitaka mtu yeyote adhurike. Ulitaka treni zisianguke.

Kesho ni Jumapili, wiki inaanza. Saa kumi na mbili na nusu magari ya wazazi yatapanga foleni pale chini, Maha atashushwa na kidole mdomoni, na mimi nitakuwa nimesimama kwenye ngazi na funguo mfukoni. Sitafungua. Nitawaambia wazazi mmoja mmoja, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba humo ndani wa kutokea ni mlango mmoja tu na jiko liko kando yake. Meneja atawaambia mimi ni mwendawazimu. Wataniuliza nimejuaje, na hapo sitasema sijui. Nitawatajia jina lako, kaka, jina lote, la baba na la ukoo, halafu nitawatajia langu.

Lala salama. Sikuombi ruhusa.

Ni mimi, mdogo wako